Birika la Shaba la Jirani

Jumatatu, 9 Machi
Makumbusho yangu bado yana nafasi moja tupu. Inaniuma. Mchezo wenyewe ni huu: kila mtu anajenga dola yake kwenye kompyuta, anakusanya kazi za sanaa, watalii wanakuja kuzitazama. Mwenye watalii wengi ndiye mshindi. Tunacheza watatu, baina ya alasiri na futari: mimi, binamu yangu Kheir ninayekaa naye hapa Mpendae, na jirani yetu Shahida, fundi cherehani, mtu wa adabu zake. Atakayekuwa wa mwisho atawapeleka watoto wa mtaa mzima viwanja vya sikukuu, Idi mosi alasiri.

Nani aliyependekeza adhabu hiyo? Mimi. Nilikuwa naongoza.

Leo Tahiya, ninayetaka kumposa, kapiga simu. Mama yake, Bi Wanu, kakubali kuniona. Siku gani? Idi mosi, alasiri. Na kasema hataki mtu wa visingizio. Sasa kuwa wa mwisho haiwezekani.

Jumanne, 10 Machi
Nina viti viwili vya enzi vya zama za kale. Nikipata kitu cha tatu cha zama hizo, watalii wanaongezeka maradufu. Anacho Shahida: birika la shaba. Kheir anasema nimwombe tu tubadilishane, kitufe kipo. Kheir hana akili ya biashara. Ukiomba, umeshaonyesha shida yako.

Mimi nina njia ya kiungwana. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Basi nimempelekea Shahida, ndani ya mchezo, mchoro wangu wa mikarafuu. Zawadi, bila neno. Adabu itamlazimisha arudishe kitu, na kitu pekee alichokiacha nje ya makumbusho yake ni lile birika.

Jumatano, 11 Machi
Karudisha. Karibu na magharibi kaja mwenyewe mlangoni na sahani ya katlesi, imefunikwa kawa. Kashukuru sana kwa mchoro. Umekamilisha makumbusho yake. Watalii wake maradufu!

Katlesi nzuri. Kheir kala nyingi kuliko mimi niliyezigharimia.

Ijumaa, 13 Machi
Tatizo jipya. Sahani ya Shahida iko kwangu, nayo hairudi tupu. Mimi na Kheir hatujui kupika ila chai. Nimefikiri sana. Nimeirudisha sahani tupu, lakini papo hapo nikamtumia sanamu ya simba kwenye mchezo. Adabu imetimia, na zamu ni yake.

Jioni limekuja bakuli la tambi za nazi. Tambi!

Jumatatu, 16 Machi
Zimekwenda sanamu ya malkia, ngoma ya kifalme na kiti kimoja cha enzi. Zimekuja kaimati, sambusa na mkate wa kumimina. Birika halijaja. Nimenenepa, na Ramadhani hii! Kheir, ambaye hajatoa wala kupokea kitu tangu mwezi uandame, kanipita kwa watalii. Anasema hata yeye hajui kafanyaje. Nimemwambia bahati haifundishwi.

Tahiya kauliza kama mambo ya Idi yako sawa. Nimesema sawa kabisa. Baadaye nikaona haya. Nampenda, na naogopa.

Alhamisi, 19 Machi
Mchezo umekwisha. Shahida wa kwanza, Kheir wa pili. Sitaki kuandika zaidi.

Jumamosi, 21 Machi, Idi mosi
Nilikuwa na mpango. Nipite na watoto kwa Bi Wanu kidogo tu, kisha viwanjani. Watoto wakaingia kabla yangu, wote, na nguo mpya na filimbi, kila mmoja kanyoosha mkono kutaka sikukuu yake, pesa ya Idi. Mmoja katapika urojo kwenye zulia. Nikamwamkia Bi Wanu shikamoo. Kaitikia marahaba, kisha kasema alimwalika mchumba, hakualika chuo kizima. Nirudi baada ya Idi kubwa, peke yangu. Zaidi ya miezi miwili! Tahiya hakutoka chumbani.

Njiani tukakutana na Shahida. Nikamweleza yote, hata habari ya birika. Aliniangalia kwa huruma.

"Mcha, birika ungen'omba tu ningekupa," alisema. "Na watoto ungenambia una ugeni, ningewapeleka mimi. Kwani mimi si jirani yako?"

Jumapili, 22 Machi, Idi pili
Sikulala vizuri. Maneno ya Shahida yameniingia. Nimeyapima kila upande, na nimeuona mtego wake: anataka nizoee kuomba, ili mchezo ujao azijue shida zangu mapema. Hanipati.

Tahiya kaandika. Anasema niende leo leo nimwombe mama yake radhi, basi, mama hana kinyongo. Masikini, hajui mikakati.

Nimetafuta namba ya simu ya Bi Wanu, nimeipata. Nimeanzisha mchezo mpya, nimemtumia mwaliko, na ndani yake mchoro wangu wa kwanza. Zawadi, bila neno. Mama ni mtu wa adabu, hawezi kunyamaza. Na cha kunirudishia mimi anacho kimoja tu: binti yake.