Nimeirekebisha Kidogo Tu, Picha Yangu ya Minago

Jumatatu, tarehe 18, mwezi wa nane

Leo nimeanza usanii. Nimechelewa, lakini si kosa langu. Miaka kumi na moja Rumonge nzima inaniletea nyuso za kitambulisho, karangamuntu, na mabibi harusi walionuna. Nani angekuwa msanii hapo?

Chama cha Marafiki wa Ziwa kinatafuta picha moja ya mwambao wetu, itundikwe ukumbini kwao. Mshindi atakuwa mpiga picha wa chama mwaka mzima. Kalenda, mikutano, wageni, vyote vitapitia studioni kwake. Nimelisoma tangazo mara mbili. Mara ya tatu nilikuwa nimeshashinda.

Nikamweleza mke wangu, Hadjara. Hakuinua kichwa, alikuwa anachuja mawese. Akasema vizuri, baba Mariyamu, shindana. Ila tangu Ramadhani wateja walioingia studio ni saba, na wawili kati yao walikuwa wanauliza njia ya sokoni. Bidoni zake, madumu ya mawese, zinapigwa jua uani wakati mimi nimefunga chumba kizima nakaa na feni. Kwa hiyo nikishinda, chumba changu. Nikishindwa nampa funguo, bidoni ziingie. Nikakubali kwa sauti kubwa, majirani wasikie. Mlango ule niliupaka mwenyewe kwa rangi ya bluu: STUDIO NOUR. Wallahi sitauza jina langu kwa mawese!

Habari mbaya: mwalimu Leonsi naye anashindana. Ni yule aliyerudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, anasema Kiswahili kilichonyooka mpaka mtu unaona haya kumwitikia. Anapiga picha kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Anajisifu kwamba harekebishi kitu, anapiga alichokiona basi. Ati alichokiona! Kila mtu si anakiona? Tukitundike cha nini?

Jumanne, tarehe 19

Minago, kwa wavuvi, kwa baiskeli. Esansi hakuna, pikipiki zote zimelala bila mafuta. Nimefika na jasho hadi kwenye soksi.

Kiangazi kimeharibu kila kitu. Vumbi angani, ziwa la kijivu, milima ya Kongo haionekani kabisa. Jioni mitumbwi ikaanza kutoka kwenda kuvua. Nikapiga picha moja tu ya maana, mtumbwi wa mbele, watu watatu. Nyuma mzee Shabani, mkubwa wa wavuvi wa pale, anashika kafi. Katikati Isaka anachota maji yaliyoingia mtumbwini kwa bidoni ya njano iliyokatwa. Kando yake Clever, mkono begani kwa Isaka, meno yote nje.

Huyo Clever sina hamu naye. Alinipigia kelele mbele ya watu nitoe kitambi changu kwenye mwanga, jua lipate pa kupita. Pwani nzima ilicheka. Wanawake wanaoanika ndagala, dagaa wetu, walicheka mpaka wakaketi. Nikajifanya nafuta lenzi.

Alhamisi, tarehe 21

Nimeirekebisha picha. Kidogo tu.

Kwanza mbingu. Ile ya kweli ilikuwa imekufa, nikaleta nyingine ya machungwa. Kisha milima ya Kongo, maana ipo, ni vumbi tu limeificha, sikudanganya. Nikaongeza ndege kumi na wanne. Bidoni ya njano nikaifuta. Picha ya sanaa na bidoni wapi na wapi? Nikawasha taa katika kila mtumbwi, zikameremeta juu ya maji mpaka nikajipigia makofi. Mwisho nikaona juu kuna pengo. Nikaweka mwezi mpevu, mkubwa, wa kushiba.

Nikamwita Hadjara. Akaangalia muda mrefu. Akauliza hapa ni Minago au ni Dubai. Nikamwambia mtu wa mawese hawezi kuelewa mwanga. Akajibu chema chajiuza, kibaya chajitembeza, akarudi kwenye chujio lake. Maneno ya wivu hayo.

Jumapili, tarehe 24

Siku ya aibu.

Madamu Yudita, mkubwa wa juri, yaani waamuzi wa chama, aliamua picha zionyeshwe kwanza pwani ya Minago, watu wa ziwa waseme neno lao. Alasiri zikatundikwa kwenye kamba, palepale panapoanikwa nyavu. Yangu ilikuwa katikati. Watu walikuja moja kwa moja kwangu. Nikavuta kola.

Mtu mmoja akakohoa. Halafu pwani yote ikaangua kicheko, na mimi bado natabasamu, sijajua kitu!

Mzee Shabani ndiye aliyenionea huruma. Akanivuta kando, akaniuliza kwa upole: “Mwanangu Nour, si marehemu baba yako alikuwa muvuvi? Mwezi ukijaa namna hii, mitumbwi inaenda wapi?” Haiendi popote! Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazina kazi, ndagala hawakusanyiki, wanatawanyika ziwa zima. Siku za mwezi mpevu wavuvi wako nyumbani wanashona nyavu na kugombana na wake zao. Mtoto wa miaka mitatu wa Rumonge anajua. Mimi nimeitoa mitumbwi thelathini, taa zote zimewaka, chini ya mwezi wa sinia.

Clever alikuwa amelala mchangani anashika mbavu. Akaapa kwamba hajapata kuona wapumbavu wengi hivyo ziwa moja. Leonsi hakucheka. Alisema rangi zimekolea vizuri. Hilo liliniuma kuliko kicheko.

Nikaanza kukunja vitu vyangu. Ndipo Madamu Yudita akaniuliza kama nina picha yenyewe, kabla sijaigusa. Ilikuwa bado ndani ya aparei, kamera yangu. Nikamwonyesha, nikimwomba radhi kwa bidoni.

Akamwita mzee Shabani. Akawaita wengine. Wakasongamana mpaka nikakanyagwa. Mtu akasema tazama Isaka anavyochota, mgongo umepinda vilevile! Mwingine akasema hili ndilo ziwa letu la mwezi wa nane, vumbi na yote. Agneta, mama yake Clever, akafuta mikono yenye magamba ya ndagala kwenye kitenge, akaishika aparei kwa vidole viwili. Clever ndiye mtoto wake wa pekee. Akasema hajawahi kumwona anacheka hivyo kazini, maana yeye humwona akiondoka na akirudi, katikati hapo anamwachia Mungu. Akambusu kwenye kioo. Akaniachia alama ya mdomo.

Madamu akatoa uamuzi mbele ya wote: Jumamosi niilete hiyo ukumbini, kubwa, bila kuguswa. Akaongeza kwamba mpaka sasa haoni ya kuishinda. Nisifanye kitu, basi!

Yaani nimeshinda kwa kutofanya kitu. Sijui nifurahi au nikasirike.

Jumatatu, tarehe 25

Nimefurahi. Hadjara amenipikia samaki, mukeke mzima, kichwa na mkia, na ndizi. Sijaona mukeke wangu peke yangu tangu tuoane. Akasema chumba ni changu, atatafuta pengine pa bidoni, hata kwa dada yake.

Halafu akachukua kadi ya aparei, ile yenye picha, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake. Mafundo mawili. Akasema ananijua.

Ananijua lakini si sana. Nakala iko kwenye ordinateri, kompyuta yangu ya studio.

Jumatano, tarehe 27

Nilifungua tu kuangalia. Kuangalia si kugusa.

Bidoni ni ya njano mno. Inapiga kelele. Mtu akiingia ukumbini ataona bidoni kabla ya ziwa. Sikuifuta, niliheshimu uamuzi wa juri. Niliibadilisha rangi tu, ikawa nyekundu ya heshima. Madamu alisema nisifanye kitu. Rangi si kitu.

Kisha nikamwangalia Clever. Anacheka. Anamcheka nani? Mimi! Picha ile aliyokuwa ananicheka kitambi ndiyo itundikwe mwaka mzima, kila mkutano, kila mgeni, Clever ananicheka kutoka ukutani! Sanaa yangu, ukuta wa ushindi wangu, meno yake!

Nikamtoa. Picha ikapumua. Mzee Shabani nyuma, Isaka katikati, maji yametulia. Watu wawili ndani ya mtumbwi ni wengi wa kutosha.

Umeme ukakatika nikiwa katika kumalizia. Betri imebaki kidogo, dakika tatu hivi. Nikaituma haraka kwa watu wa kuchapisha kwenye kitambaa kule Bujumbura. Haraka haraka haina baraka, wanasema, lakini hao hawajawahi kukatiwa umeme.

Ijumaa, tarehe 29

Kitambaa kimefika na gari la asubuhi, kimekunjwa vizuri. Hadjara alitaka nikikunjue. Nikakataa, kitaingia vumbi. Usiku mwema, mshindi.

Jumamosi, tarehe 30

Ukumbi ulijaa. Kutoka Minago walikuja na gari la kukodi, wanawake wamevaa vitenge vipya. Agneta alikaa mstari wa kwanza. Alikuwa amewaambia wenzake njia nzima kwamba leo wataona alivyozaa.

Tukakikunjua kitambaa, mimi upande huu, Isaka upande ule.

La kwanza kuonekana lilikuwa bidoni. Mkononi mwa Isaka ni nyekundu. Kivuli chake majini ni cha njano. Watoto wakaanza kuonyeshana vidole. Hilo ningelieleza, nilishapata maneno.

La pili lilikuwa mkono. Begani kwa Isaka kuna mkono. Vidole vinne na dole gumba, umeshika vizuri kabisa, na hauna mwenyewe.

Agneta aliinuka. Akasogea mpaka pua ikakaribia kitambaa. Akatafuta mbele ya mtumbwi, akatafuta nyuma. Akauliza polepole: “Mutoto wangu iko wapi?” Akauliza tena kwa ukelele, akaushika ule mkono kwenye kitambaa kwa mikono yake miwili, akaanza kulia kilio kile cha pwani, ambacho sote tunakijua na hatupendi kukisikia. Wametoka watatu, wamerudi wawili. Kila nyumba ya Minago ina jina la kuweka hapo. Baba yangu mimi nilimlilia vilevile.

Wanawake wengine wakadakia. Clever mwenyewe alikuwa hai, amesimama mlangoni, anajipapasa kifua. Alikimbia kumshika mama yake, akimwambia niko hapa, mama, niko hapa. Hakunitukana. Mzee Shabani alivua kofia, akaniangalia, akaivaa tena. Nilitamani anitukane yeye.

Madamu Yudita alikikunja kitambaa peke yake, hakutaka msaada wangu. Akaniuliza swali moja, kwa nini. Nikajibu nilirekebisha kidogo tu.

Leonsi ameshinda. Nyavu zilizoanikwa, ziwa la kijivu, na nusu ya mbuzi iliyoingia kwa bahati mbaya. Nusu, tena ya nyuma! Alipopewa mkono wa pongezi alisema kwa Kiswahili chake kilichopigwa pasi kwamba picha bora ilikuwa yangu, ile ya kwanza.

Jumapili, tarehe 31

Hadjara hakugomba. Ingekuwa nafuu angegomba. Alinyoosha kiganja, nikaweka funguo.

Bidoni zimeingia mchana kutwa. Mimi mwenyewe nilizibeba. Feni imetolewa, pazia lenye picha ya maporomoko nililokuwa nawapigia mbele yake mabibi harusi limetandikwa chini kuzuia mafuta. Ordinateri nimewekewa pembeni, kwenye kijimeza, kati ya mawese na mlango. Nililia kidogo nyuma ya bidoni. Naandika haya kwa kuwa hakuna anayesoma humu.

Jioni Hadjara alinikuta nimekaa gizani. Akakaa karibu yangu. Akasema chumba ni chumba tu, kitarudi, lakini mama wa watu nimemzikia mtoto akiwa anamwona. Hilo halilali. Akafungua mafundo ya kitenge, yote mawili, akanipa kadi. Akaniagiza nimtolee Agneta picha ile ya kweli, niende kwa miguu yangu, niombe msamaha. Akasema nimpelekee kama ilivyo. Akarudia: kama ilivyo, baba Mariyamu. Nikamwapia.

Ni mwanamke mwema. Sikustahili, lakini nimeshampata.

Jumatatu, tarehe 1, mwezi wa tisa

Nimeamka alfajiri kutekeleza. Picha ya kweli, bila hila. Bidoni ya njano, nimeiacha njano. Vumbi nimeliacha. Kitambi changu hakionekani, kwa hiyo hapo hapana kazi. Clever amerudi mahali pake na meno yake yote, na sikumpunguza hata moja. Nimejishinda. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetoka kuswali.

Lakini nikafikiri juu ya Agneta. Mama yule amelia mbele ya ukumbi mzima. Mimi nilimwondolea mtoto. Kumrudishia yuleyule mmoja, hiyo ni haki tu, siyo msamaha. Msamaha una kitu cha ziada juu yake. Hata sokoni ukimkosea mteja unamwongezea.

Na mbele ya mtumbwi palikuwa na nafasi wazi.

Nimemweka Clever wa pili. Nimemgeuza anaangalia Kongo, asigongane na wa kwanza. Mikono nimeihesabu mara tatu safari hii, yote ina wenyewe, na vivuli vyote viko majini. Mama alikuwa na mtoto mmoja tu, sasa atakuwa na wawili, wote wanacheka.

Picha iko tayari ndani ya bahasha. Hadjara ameniuliza kama iko vilevile. Nimemwambia ni zaidi ya vilevile. Napanda baiskeli sasa hivi, nimkute Agneta kabla hajaanza kuanika.