Jinsi Nilivyokibania Kibiriti Mafuta

Jumapili, tarehe 2 Juni

Wiki ndiyo kwanza inaanza na tayari nimeaibika. Tumekwenda hospitali kumjulia hali mama mkwe. Amefanyiwa upasuaji wa goti. Badala ya kumpa pole, nimebishana na shemeji, kaka wa mke wangu, hapo hapo kando ya kitanda. Kuhusu magari! Lake na langu ni pacha: aina moja, udogo mmoja, hata rangi moja. Ila langu yeye amelibandika jina la Kibiriti.

Akasema lake linamaliza wiki na mafuta bado yamo. Ningenyamaza. Lakini ulimi hauna mfupa. Nikasema Kibiriti chenyewe hakinywi mafuta, kinanusa tu. Uongo mtupu. Kibiriti kinakunywa kama ngamia aliyefika kisimani.

Baba mkwe, mtu wa maneno machache, akatuambia tupeleke kelele zetu nje, mgonjwa apumue. Huko nje tukapeana mikono. Leo kila mtu ajaze tangi pomoni, Jumapili ijayo tujaze tena kwenye pampu ileile. Atakayeingiza mafuta mengi ameshindwa, na ataosha gari la mwenzake uani kwa baba mkwe, familia nzima ikitazama. Tunakaa mtaa mmoja, kazini kwetu kunapakana. Hakuna wa kusingizia umbali.

Mke wangu alinitazama tu kama mtu anayetazama maziwa jikoni yakikaribia kufurika.

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Uzito hula mafuta. Hilo nimelisoma. Nikakomba buti. Humo mkatoka mfuko wa saruji ulioganda ukawa jiwe, mwavuli usiofunguka, mapazia ambayo mke wangu ameyatafuta tangu tuhamie nyumba hii, na sanduku la sampuli za vigae. Sikuishia hapo. Nikatoa tairi la spea. Nikatoa jeki na spana pia.

Mke wangu akauliza, je, nikipata pancha? Nikamjibu kwamba pancha huwapata wasiojiamini. Sijui nilimaanisha nini.

Kazi yangu ni kuuza vigae. Nimefika kwa mteja anayetengeneza jiko lake jipya, sampuli ziko sebuleni kwangu! Nikaanza kumweleza rangi kwa mdomo. Nikasema kuna kigae cha rangi ya chai yenye maziwa kidogo. Akauliza kidogo kiasi gani. Basi akachemsha chai, tukawa tunaongeza maziwa kijiko kwa kijiko, tunatazama. Hakununua. Chai nimekunywa yote.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Matairi. Tairi lenye upepo mdogo hulilemea gari na kula mafuta, kila mtu anajua. Nikaona basi tairi lenye upepo mwingi mno litayatapika mafuta yarudi tangini. Mlangoni mwa Kibiriti pana kibandiko chenye kipimo. Nimekisoma. Nimekidharau. Nimekanyaga pampu ya mguu mpaka kigimbi kikanikaza, matairi yamevimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta.

Kibiriti sasa kinaruka kama panzi. Nilikuwa nampeleka mke wangu kazini, tukafika kwenye tuta, kichwa chake kikagonga dari. Amesema tangu nimuoe, hii ndiyo mara ya kwanza namwinua.

Jioni nimepishana na shemeji. Kanipungia mkono, mtulivu kama maji ya mtungini. Ana mbinu gani huyu?

Jumatano, tarehe 5 Juni

Kiyoyozi hunywa mafuta. Nikakizima. Nikasoma tena kwamba kwenye barabara ya mwendo kasi, madirisha wazi hukamata upepo na gari hukokota. Nikayafunga yote. Nilijiona nina akili kuliko walioliunda gari.

Mchana bosi akaomba lifti, twende wote kuonana na mkandarasi wa hoteli. Jua la utosi. Miwani yake ikafunga ukungu. Akauliza kama kuna kitu kinaungua. Nikasema ni joto la injini. Akataka kushusha kioo, nikamwambia kuna vumbi. Vumbi lenyewe halikuwepo.

Tulishuka tumelowa kama watu waliovuka mto. Bosi akakunja mkono wa shati, jasho likachuruzika juu ya mkataba. Mkandarasi alituletea taulo kabla ya kutukaribisha kiti. Bosi amerudi kwa teksi. Mimi nimerudi peke yangu, vioo vimefungwa. Nina msimamo.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Siku mbaya sana. Naandika nikiwa nimefunga mlango.

Nimegundua kwamba ukikaa nyuma ya lori kubwa, lenyewe linapasua upepo, wewe unateleza tu. Asubuhi nikapata lori lililosheheni magodoro. Nikajibanza nyuma yake. Raha iliyoje! Mguu haugusi mafuta kabisa, nadhani. Njia ya kazini ikapita. Nikaona kuliacha lori wakati kama ule ni kukufuru. Nitageuka mbele. Mbele ikapita. Lori likakata kona, nami nikakata. Likaingia geti, nami nikaingia. Geti likafungwa nyuma yangu.

Ghala la magodoro! Mlinzi akaja kwenye dirisha langu, akauliza nimeleta mzigo au nimekuja kuchukua. Nikasema nimekuja kuulizia bei. Akaniita msimamizi. Msimamizi akanitembeza ghala zima kwa heshima, akanilaza juu ya magodoro ya kila namna, na tai yangu shingoni. Ningewezaje kukataa?

Kazini nimefika wenzangu wanarudi kutoka chakula cha mchana. Safari ya kwenda na kurudi nimeifanya ndefu maradufu na zaidi. Sindano ya mafuta imeshuka. Nimeigonga kwa kidole. Haikupanda.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mama mkwe anaruhusiwa kesho. Shemeji yuko kazini hadi mchana, anatengeneza meno ya bandia na kuna mtu anayasubiri. Kwa hiyo ni mimi wa kumrudisha mama nyumbani. Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililofikiria ni uzito wake.

Mke wangu ameniambia nirudishe tairi la spea. Nikamwambia nimesharudisha. Nilikuwa na nia ya kurudisha.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Sijui nianzie wapi.

Tulimkalisha mama mkwe mbele ili anyooshe mguu. Mke wangu nyuma, na magongo na mabegi. Manesi wawili wakasukuma mlango mpaka ukafunga. Mama akanishukuru, akaniita mwanangu. Kila tuta nililipita kwa woga, panzi yule yule, naye akishika goti lake kwa mikono miwili bila kulalamika.

Akaomba kaubaridi kidogo. Nikamwambia kiyoyozi kimeharibika. Nilimwambia mama mkwe wangu hivyo, mgonjwa, machoni! Akasema haidhuru. Akawa anajipepea kwa karatasi za hospitali. Kisha akanyoosha mkono kutafuta pa kujishikilia, kidole kikagusa kitufe. Baridi ikavuma, tamu, safi, kama mlango wa friji umefunguliwa.

"Kumbe kimepona!" akasema.

Nikasema ndiyo mama, vitu vingine hupona vyenyewe. Kwenye kioo niliyaona macho ya mke wangu. Sitayaelezea.

Hapo ningetulia. Lakini niliona mafuta yangu yanageuka baridi na kutokomea. Mbele yetu palikuwa na mteremko mrefu unaoshuka kwenye mtaa wa wakwe. Nikasema moyoni, nitayafidia hapa. Nikazima injini.

Kimya kizuri. Kisha usukani ukawa mzito kama mawe. Breki nayo ngumu, naikanyaga kama nakanyaga ukuta. Mke wangu akapiga kelele niwashe gari. Nikahangaika na ufunguo. Kona ikatufikia kabla injini haijawaka. Tairi la mbele likapanda ukingo wa barabara, likapasuka kwa mlio kama wa bunduki. Tukasimama tumeegemea mtaro.

Wa kwanza kusema alikuwa mama mkwe. Hakulia. Alishika goti, akavuta pumzi, akaniuliza mimi kama nimeumia. Mimi!

Mke wangu akafungua buti. Halina kitu. Hata jeki. Akalifunga polepole. Angelibamiza ningefarijika.

Tukamkalisha mama pembeni juu ya begi lake, kivulini kwa ukuta wa mtu. Watu wanapita, wanamsalimia yeye, wananitazama mimi. Nikapiga magoti kumwomba radhi, suruali ikaingia tope. Akaniuliza taratibu kwa nini nilizima gari. Nikaeleza yote: shemeji, pampu, gari la kuoshwa. Nilisikia maneno yangu yakitoka na nilitamani ardhi ipasuke.

"Mwanangu," akasema, "mafuta yanauzwa. Goti langu ningelinunua wapi?"

Shemeji alikuja baada ya mke wangu kumpigia simu. Nilijiandaa kwa kicheko. Hakucheka. Alimbeba mama yake kwenye gari lake lenye ubaridi, akageuka, akafungua buti lake, akanitolea tairi lake la spea na jeki. Akanishika bega, akasema nifunge nati vizuri. Afadhali angenitukana.

Tumemrudisha hospitali, daktari amelitazama goti. Nyuzi hazikuachia. Nilikaa kwenye korido nikasikia habari hiyo kupitia mlangoni, nikalia kidogo. Mke wangu kaniona. Akanipa leso.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Kituo cha mafuta. Shemeji alisema tuyaache hayo, yamekwisha. Baba mkwe akasema ahadi ni deni. Tukajaza.

Lake likashiba upesi. Kibiriti kikaendelea kumeza. Kikameza. Mhudumu wa pampu akachungulia chini kuona kama tangi linavuja.

Nikamuuliza shemeji siri yake. Akasema hana. Matairi anayajaza kwa kipimo cha kwenye kibandiko, anakanyaga mafuta polepole, gari analifanyia huduma kwa wakati, dukani anakwenda kwa miguu. Kiyoyozi anawasha akisikia joto. Nilisubiri aendelee. Alikuwa amemaliza.

Nimeosha gari lake uani. Wakwe wote wamejipanga vibarazani. Mama mkwe dirishani, mguu juu ya stuli, akanionyesha kwa gongo lake mahali nilipopasahau. Nikapasugua. Akaagiza niletewe maji ya kunywa, kisha akanipigia makofi. Wote wakapiga. Hakukuwa na kejeli ndani yake, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nimemwapia mke wangu, mkono kifuani: mashindano basi. Sitabishana tena na mtu yeyote kuhusu gari maisha yangu yote.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nimetii kiapo. Leo nimekwenda kazini kwa miguu. Hewa safi, moyo mweupe. Nimefika nikiwa mtu mpya.

Mtunza stoo wetu akanipongeza. Akasema yeye hutembea kila siku, na viatu alivyovaa havijabadilishwa soli tangu avinunue, maana anajua kukanyaga. Nilitabasamu tu. Nilikusudia kutabasamu tu. Lakini alikuwa ananitazama miguu! Nikajikuta namwambia viatu vyangu mimi vitamzika.

Tumepeana mikono. Tumechora alama kwenye soli, mwisho wa mwezi tunapima. Atakayekuwa na soli iliyolika zaidi atabeba vigae vya mwenzake wiki nzima.

Lakini hili si gari. Kiapo changu kilitaja gari.

Nimerudi nyumbani nikipita kwenye majani, kwa ncha za vidole. Mke wangu alikuwa mlangoni. Akauliza kwa nini natembea kama mwizi wa kuku. Nikamwambia ni mazoezi ya mgongo, daktari amesema. Kesho nitajaribu kwa visigino.