Babu wa Kuazima wa Bwana Hezron

Farhan hakuwa mwizi. Mwizi huamka mapema. Farhan aliamka saa nne, akachana nywele, akangoja wajinga wa mji wamalize chai yao.

Mwaka huo wa uchaguzi wa 2005 alishuka Tukuyu na printa ya wino, skana ya kusomea negativu, na uongo kwamba kwao ni Upanga, Dar es Salaam. Akapanga chumba Ibighi na kubandika tangazo mlangoni: PICHA ZA SANAA, ZINADUMU MIAKA MIA. Nani angeishi mpaka aje kudai?

Sasa, Bwana Hezron, mchuuzi wa chai, alikuwa anautaka udiwani kwa roho yake yote. Wazee wa Lupepo wakamuuliza mkutanoni, mbele ya watu: "Wewe ni wa ukoo gani hasa?" Hezron akakohoa. Farhan, aliyekuwa amesimama nyuma akila karanga za bure, alikisikia kile kikohozi na papo hapo akajua pa kula.

"Mheshimiwa," alimwambia jioni ile, "picha ya babu yako, yule malafyale, ninayo. Inataka kusafishwa tu."

"Babu yangu alikuwa chifu?"

"Kwani ulikuwa hujui?"

Hezron alifikiri kidogo. "Nilikuwa nahisi," akasema.

Wakapatana malipo: mtamba wa kisasa, mwenye mimba. Farhan tayari alikuwa na mnunuzi wa ng'ombe Mbeya. Alichokosa ni babu.

Akapanda Mpuguso kwa Bibi Tulinagwe, mjane wa mpiga picha. Bibi alikuwa na kopo la biskuti limejaa negativu, kazi ya mumewe ya miaka thelathini, na hakuwa na kumbukumbu nyingine yake.

"Zimeingia ukungu, bibi," Farhan alisema kwa huzuni ya kukodi. "Nipe nikazitibu. Wiki moja tu nakurudishia."

Bibi alimtazama usoni, kisha masikio, kisha mwanya wa meno. "Kwenu wapi, mwanangu?"

"Upanga."

"Na babu yako?"

"Upanga vilevile."

"Ndaga," Bibi alishukuru kwa Kinyakyusa, akachomoa kipande kimoja cha filamu. "Basi anza na huyu. Alikuwa na jina wilaya nzima."

Farhan akakiinua kwenye mwanga: mwanamume wa kanzu na koti, bakora mkononi, utepe mrefu umening'inia shingoni.

"Na huu utepe?"

"Wa kazi yake."

"Utepe wa uchifu!" alishangilia Farhan. Bibi hakubisha. Alimwachia kopo lote.

Tapeli humtazama mteja, bidhaa haitazami. Farhan aliichapa picha kubwa kama mlango, akaikunja ingali na harufu ya wino, wala hakuikagua.

Jumamosi watu walifurika kwa Hezron. Pilau ilikuwepo, kwaya ilikuwepo, na mtamba alifungwa kwenye mgomba mahali ambapo Farhan aliweza kumwona vizuri.

"Karatasi ya pamba, ndugu zangu!" alihubiri. "Mashine hii haifichi hata unywele!"

Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli tangu afike Rungwe. Hezron akavuta kanga iliyofunika picha, vigelegele vikapaa. "Babu yangu huyo! Damu yangu!"

Bibi Tulinagwe akavaa miwani, akasogea mpaka pua inagusa picha, akaanza kusoma ule utepe kwa sauti: "Kumi na tisa... ishirini... ishirini na moja..."

"Inchi hizo!" alipiga kelele mwalimu Simon. "Ni futi ya fundi cherehani!"

"Ndiye Saad fundi," alisema Bibi. "Alitoroka na vitambaa vya sare ya kwaya. Pasaka ile tuliimba na nguo za shambani. Na masikio yake ndiyo yale pale, yamevaliwa na huyu kijana wa Upanga."

Lo! Farhan akashika masikio yake. Jina la Saad alilijua, ni la babu yake. Sura hakuwahi kuiona, maana nyanya yake alizichoma picha zote.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Ila Hezron, aibu ikimtoa jasho, alisimama. Mwanasiasa ni mwanasiasa.

"Nimeshatamka huyu ni babu yangu, na neno langu silirudishi," alisema, akamkumbatia Farhan kwa nguvu. "Kumbe sisi ndugu! Na ndugu hamtozi ndugu ng'ombe. Deni la kwaya tunalikubali, na ndugu yangu atalipa, maana mashine anayo."

Mama Felista wa kwaya hakungoja aambiwe mara mbili. Kabla pilau haijapoa, printa na skana zilishafika kanisani. Udiwani Hezron aliupata. Watu walisema anayegeuka hivyo bila kuanguka ataiweza halmashauri.

Farhan alikuwa anajiondokea njiani kimyakimya Bibi alipomwita. Kopo lake la biskuti Bibi alikuwa amesharudishiwa, amelibana kwapani. Mkononi alishika ile picha, ameikunja vizuri.

"Umemsahau babu yako," alisema. "Mchukue, mwanangu. Miaka mia ni mingi, mtazoeana."