Nakubali Kabisa

Jumatatu, 3 Machi
Mkaguzi wa elimu ameleta fomu za kupima kama wanafunzi wanaipenda sayansi. Anasema anayeipenda hufaulu. Kumbe ni rahisi hivyo! Miaka kumi na moja nafundisha kemia, darasa langu linashika mkia, na dawa ni tiki tu. Mwalimu wa biolojia, tunayegombea naye ukuu wa idara, amewaambia watoto wake wajaze ukweli. Maskini mama wa watu.

Alhamisi, 6 Machi
Vipindi viwili vya mazoezi ya kujaza fomu. Nimeandika ubaoni: kila swali, "Nakubali kabisa". Wote wametii isipokuwa mmoja, tena wa nyumbani. Mpwa wangu, binti wa marehemu dada, ninayemlea. Amejaza kwamba anaipenda kemia, kisha chini akaongeza kwamba hajawahi kushika bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia, maana kabati la vifaa limefungwa na ufunguo uko mfukoni mwa mjomba. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelifunga kwa sababu kila kioo kikivunjika naandikishwa barua ya maelezo. Miaka minne sasa, hata bikari moja haijavunjika. Fomu yake nimeichana, nikamjazia nyingine.

Jumanne, 18 Machi
Matokeo ya fomu: darasa langu mia kwa mia. La biolojia, thelathini na nane. Nimepita ofisi ya walimu kifua mbele, mara tatu.
Jioni mpwa ameniomba nimfungulie kabati walau saa moja. Keshokutwa ana mtihani wa vitendo wa kuingia shule ya sayansi. Anataka kuwa mfamasia, tangu mama yake alipougua. Nimemwambia penye nia pana njia, na nia yake ninayo kwa maandishi.

Ijumaa, 28 Machi
Siku mbaya. Vifaa vipya vyote vimekwenda kwa biolojia. Ofisi ya elimu imesema watoto wake ndio wanaohitaji kuvutiwa, wangu wameshapenda. Na cheo kachukua yeye.
Mpwa amefeli. Bureti aliifunga kichwa chini, msimamizi akaliandika hilo kwenye ripoti. Hajalia. Ameosha vyombo, akauliza kama fundi cherehani wa jirani bado anatafuta mtu wa kumfundisha kazi. Nimeumia, nakiri. Nimepapasa mfuko, ufunguo upo.

Jumatatu, 7 Aprili
Kosa nimeligundua! Tulipenda mno. Fomu mpya nilizoomba zimefika, na safari hii wote wamejaza "Sikubali kabisa", ili vifaa vije kwetu.
Mpwa wangu alikuwa amemaliza kabla sijaandika jibu ubaoni. Maswali ishirini, yote "Sikubali kabisa", hakufuta hata moja. Hatimaye mtoto ameanza kunielewa.
Kufuli la pili nimeshanunua.