Mbuzi wa Tatu na Mtandao wa Mama Kathini

Mulwa alihitaji mbuzi mmoja tu. Wawili alikuwa nao, tena kwa njia halali, jambo lililomshangaza hata yeye mwenyewe. Lakini ntheo, mbuzi wa posa kwa Wakamba, ni watatu, na Jumamosi wazee wa Kasikeu wangewahesabu kabla ya kumwachia Nzisa awe mke wake. Wakiwa wawili, angerudi kwao mikono mitupu.

Siku ya Jumatano, pale Kabati, akamkuta Mama Kathini akiigombeza mashine ya kurekodi kamera za duka lake. Mashine ilikaa chini ya kaunta. Waifai ilikuwa nyumbani, ng'ambo ya barabara. Mama alitaka kuliona duka kwenye simu akiwa kanisani, na waya haungevuka lami. Nyuma ya duka, beberu mweusi mwenye sikio moja alikuwa akitafuna katoni.

Mulwa akamtazama beberu. Kisha akamtazama mama kwa huruma nyingi.

"Mama, waya ni mambo ya zamani. Siku hizi tunaconnect na hewa."

"Wewe ni fundi?"

"Mimi ni injinia. Fundi ni yule lazima umuite mara mbili."

Akachomeka kijiti cha waifai nyuma ya mashine kwa upole wa kasisi anayefungisha ndoa. Kijiti kilikuwa cha kweli, ila kilishika mtandao wa hatua chache tu, na nyumba ilikuwa mbali. Hilo halikumkosesha raha. Aliwasha hotspot ya simu iliyokuwa mfukoni mwake, na duka zima likajitokeza kwenye simu ya mama, kuanzia unga hadi mishumaa.

"Aiya! Najiona!"

"Sasa, kikizima usikiguse. Kinazoea mahali, siku tatu hivi. Na malipo nachukua hata mbuzi."

Mama alipokwenda kutafuta kamba, Mulwa alimpapasa beberu shingoni. "Twende Kasikeu, bwana mkubwa. Mwenye duka ameunganishwa na mfuko wangu, na wewe Jumamosi unaniozesha Nzisa."

Juu yao kamera ilikuwa inasikiliza. Mashine ya kurekodi hurekodi hata bila mtandao, sauti na picha, na kati ya watu wote wa Kabati ni injinia peke yake aliyelisahau jambo hilo.

Jumamosi Mzee Kilonzo, babake Nzisa, alisimama uani akihesabu. "Mmoja. Wawili. Wa..."

Beberu akakata kamba, akakimbilia jikoni. Akatoka na Mama Kathini, kumbe dadake mzee, aproni kiunoni, mwiko mkononi.

"Kaka," alimwambia Mzee Kilonzo, "nipe dakika moja na mkwe wetu."

Kando ya ghala, Mulwa alijiona kwenye simu ya mama, picha na sauti, akimbembeleza mbuzi. Alimpenda Nzisa kwa dhati. Hapo hakukuwa na ujanja wowote.

"Anti, nitalipa."

"Nani ametaja kulipa? Mbuzi nilitoa, nikanunua network. Sasa niambie, kati ya vitu ulinionyesha, network ilikuwa gani? Kijiti?"

Mulwa akaushika mfuko wake.

"Ilikuwa simu. Basi lete mali yangu. Na chaja."

Ndani ya simu hiyo mlikuwa na namba za wateja wote aliowalainisha kutoka Zombe hadi Kabati, kazi ya miaka minne. Akamtazama Nzisa, aliyekuwa mlangoni na gauni la manjano, akijifanya hamwoni. Akaitoa. Iliuma, lakini akaitoa.

Mama Kathini akarudi uani akimvuta beberu. "Kaka, endelea kuhesabu. Wako watatu."

Simu ile sasa inaishi Kabati chini ya kaunta, na kila Jumapili, mama akiwa kanisani, Mulwa huenda kuitilia bando. Nzisa akimtafuta mumewe, hupiga dukani. Naye Mulwa, kabla ya kuvuka kizingiti, huvua kofia, huinua uso kwa kamera, na kusema kwa adabu:

"Habari ya kanisa, anti?"