Betri Yenu Itanizika

Choma, Zambia

Bwana Meneja mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa duka lako la sola. Mimi ni Mzee Hamainza, mstaafu wa reli, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja. Mwezi uliopita niliuza ng'ombe wawili nikanunua betri kwako, kwa kuwa umeme wetu siku hizi ni mgeni wa kuchungulia mlangoni na kuondoka. Naomba kuirudisha. Si mbovu. Haina kasoro hata moja, na hapo ndipo penye shida.

1. Mimi nilitaka betri mbili za asidi kama za jirani yangu Siabuka: kwacha elfu saba na mia sita zote mbili, zinadumu miaka miwili. Muuzaji wako akasema ya lithiamu ni elfu ishirini na nane, ila inadumu miaka kumi na mitano. Mke wangu, Mama Luyando, akamuuliza, "Na huyu je?" Muuzaji akanitazama kuanzia kofia hadi viatu, akakohoa, akaanza kupangusa kaunta.

2. Tulipofika nyumbani mke wangu akagawanya bei kwa miaka. Za asidi: elfu tatu na mia nane kwa mwaka. Ya lithiamu: haifiki elfu mbili. Kisha akanigawanya na mimi: nshima, yaani ugali wetu, dawa za presha, ugoro. Nimekuwa wa tatu kati ya watatu.

3. Karatasi yenu ya maelezo inasema betri isikae kwenye joto, wala isitumiwe hadi ikabaki chini ya asilimia ishirini. Basi sasa inalala chumbani kwetu penye ubaridi, nami nimehamia ghalani kwenye mahindi. Nilipoomba na mimi nisitumiwe chini ya asilimia ishirini, nilitumwa kupeleka ng'ombe waliobaki joshoni.

4. Wapwa wangu, ambao kwa mila yetu Watonga ndio warithi, walikuja Jumapili. Waliisalimu betri kwanza. Mkubwa wao, Chiinda, akaniambia kwa adabu zote, "Mjomba, hatukuombei mabaya. Tunauliza tu karatasi ya waranti imewekwa wapi."

Bwana Meneja, nipe za asidi. Nataka betri nitakayoizika mimi, si itakayonizika. Kama haiwezekani, niandikie na mimi waranti ya miaka kumi na mitano, yenye mhuri, ili nikiharibika mapema mke wangu anirudishe dukani apewe mwingine. La, hilo la mwingine lifute.

Nisalimie wafanyakazi wote, na mkeo, na wakwe.

Wako kwa heshima,
Mzee J. Hamainza

Tanbihi: Leo asubuhi, nikielekea posta, nilipitia zahanati. Muuguzi amenipima presha mara mbili, akasema moyo wangu ni wa mtu wa miaka arobaini. Marehemu baba alifika tisini na nane. Nimerudi nyumbani kwanza, tumekaa na Mama Luyando tukagawanya upya. Tafadhali msije kuichukua betri. Ila mtujulishe kama mnayo inayodumu zaidi, maana hii tunaona itatufia ingali changa.