Kiraka cha Simu ya Pili

Ijumaa hiyo, kahawa ya kwanza haijapoa, Nyange alishaitoa simu yake na kuiweka mbali na macho, kama mtu anayesoma bei asiyoitaka. Hapo mbele ya banda la fundi cherehani, njia ya Ole, hakuna habari inayopita bila yeye kuisoma kwa sauti. Ndiyo maana wakamwita Redio.

"Sikilizeni nyie! Kituo chetu cha afya Jumatatu kinaingia mfumo mpya wa kompyuta. Ule wa zamani, wanasema, 'umechambuliwa kikamilifu na wataalamu'."

"Umechambuliwa?" Jecha, mwenye banda, alitoa pini mdomoni. Siku zote futi la kupimia liko shingoni mwake, na Futi ndilo jina lake la maskani. "Mchele ndio huchambuliwa, yakhe, tena na mwenye kuupika. Hao wamechambua nini?"

"Pweza," alisema Theonest. "Siku tatu walizokaa, pweza kawaona wao kuliko kompyuta ilivyowaona."

Wakacheka. Theonest, mwalimu wa skuli, ni mtu wa Bara aliyehamia Ole miaka kumi na moja iliyopita, nao humwita Ticha. Mkewe, Bi Conchesta, ndiye anayekaa dirishani pale kituoni kuandikisha wagonjwa. Ticha akisema neno la kituo, hata Redio hujizima.

Mwatum hakucheka. Alikuwa kwenye kigoda chake, dele la kahawa mkononi na sahani ya kashata miguuni, akimimina na kusikiliza. Mwanawe Kazija, wa miaka sita, koo lilikuwa limerudi kuvimba, na miadi yake kituoni ilikuwa Jumatatu hiyohiyo.

"Walimuuliza nani, Ticha?" aliuliza.

"Mkubwa wa kituo. Wakajifungia naye kwenye kiyoyozi, wakachora mishale ubaoni. Mgonjwa anaingia, mgonjwa anatoka. Mke wangu siku zote tatu anawaona wakipita tu. Siku ya mwisho ndiyo wakamwita."

"Kumuuliza?"

"Awapige picha."

"Lahaula!" Jecha alipiga meza ya cherehani. "Mie mtu akinletea kanzu kuukuu akataka mpya kama hiyo, kwanza naigeuza ndani nje. Natafuta viraka. Kiraka ndicho kinachonambia mwenye kanzu anainama wapi na anachanika wapi. Hawa wamepima msumari kanzu ilipotundikwa!"

"Na ripoti wakaandika," alisema Nyange.

"Kurasa mia moja, za msumari!"

Hapo pikipiki ikasimama. Akashuka bwana mmoja, kitambulisho kinaning'inia kifuani, begi la kompyuta mgongoni. Faizan, mkuu wa wale wataalamu, kutoka Unguja mjini. Maskani walimjua kwa jina jingine: Bwana Awamu, kwa sababu kila anachoulizwa hukisogeza awamu ya pili.

"Asalaam alaykum wazee. Bi Mwatum, kahawa moja tafadhali."

"Waalaykum salaam. Karibu, mchambuzi," alisema Jecha, sauti ina sukari kuliko kashata. "Tulikuwa tunakusifu hapa."

"Mnasema kweli? Kazi ilikuwa nzito, mzee wangu. Mfumo ule ulijaa uchafu. Kuna kisanduku cha simu ya pili ya mgonjwa. Mtu kaandika maneno mle! Watu mia mbili na zaidi, badala ya nambari, maneno. Tukasafisha yote. Sasa kisanduku kinakubali nambari tu."

Ticha alikiweka kikombe chini polepole. "Maneno gani?"

"Sijui, vitu vya ovyo. 'Asichomwe hiki, asipewe kile.'"

Mwatum aliacha kumimina. Mawazo yalimrudisha mwaka juzi, chumba cha sindano, Kazija midomo imevimba kama ya samaki, pumzi anaziokota moja moja, daktari anapiga kelele. Penisilini. Baada ya hapo Bi Conchesta alimwonesha kwenye kioo: "Mama Kazija, mfumo hauna mahali pa kuandika dawa anayoikataa mtoto. Mimi huandika kwenye simu ya pili. Manesi wote wanajua kutazama hapo." Tangu siku hiyo Mwatum akawa analala usingizi. Kadi za karatasi zilishakusanywa zamani. Anayempeleka mtoto ni bibi yake, na bibi jina la dawa halimkai kichwani.

"Yale maneno," alisema, "uliyafuta?"

"Tumeyaondoa, ndiyo. Kwa ajili ya ubora."

"Yale hayakuwa uchafu, baba. Yale ni mwanangu."

Pale pale cherehani ikasimama.

"Ungekaa dirishani asubuhi moja," alisema Ticha, "ungemwona mke wangu anavyoandika. Asubuhi moja tu! Hakuwa na haja ya mishale."

Faizan alikigeuza kitambulisho kifuani. "Sisi tulifuata mwongozo. Hata hivyo ni hoja nzuri. Sehemu ya tahadhari za dawa tutaiweka awamu ya pili."

"Mwanangu ana koo moja," alisema Mwatum. "Hana awamu ya pili."

Bwana yule akafungua begi haraka, akatoa karatasi. "Basi, Bi Mwatum, tujaze fomu ya malalamiko, nami naipeleka leo hii. Jina?"

"Mwatum, mama yake Kazija."

"Simu?"

Akaitaja.

"Simu ya pili?"

Mwatum aliinama akakiweka kidole juu ya kile kisanduku. "Hapo andika: Kazija asichomwe penisilini."

"Bi Mwatum, hapa panataka nambari."

"Andika."

Faizan alitazama kulia, akaona pini mkononi mwa Jecha. Akatazama kushoto, akaona macho ya Ticha. Akaandika.

"Maashallah!" Jecha alirusha futi juu. "Mfumo haujawashwa, ushatiwa kiraka!"

Vicheko vikapaa hadi kwenye majamvi yaliyoanikwa karafuu ng'ambo ya njia. Mwatum hakungoja viishe. Alishakusanya vikombe, pamoja na cha Faizan kilichokuwa na kahawa ndani.

"Ticha, mwambie Bi Conchesta nakuja kwake sasa hivi. Majina mengine anayoyakumbuka ayaandike, hata kwenye ukuta. Na huyu bwana nafuatana naye, akaone dirisha lilivyo. Jumatatu nampeleka Kazija mwenyewe. Nitakaa pale pale mlangoni, na kila mama nitamuuliza mwanawe anakataa dawa gani. Kompyuta imesahau, sisi hatujasahau."

Akajitwika sahani, dele akampa Faizan abebe.

"Na kahawa ya Jumatatu, Bi Mwatum?" Nyange alipiga ukelele. "Tutakunywa wapi?"

Mwatum hakugeuka.

"Awamu ya pili!"